Homoni Kabla ya Kuzaliwa na Asili ya Skizofrenia

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizo na msemaji, ashikilie imani ambazo hakuna hoja inayoweza kuzitikisa na, kwa namna isiyovuta macho ya majirani lakini inayomuumiza zaidi, apoteze hatua kwa hatua ari, hisia na uwezo wa kupanga mawazo. Katika mazungumzo ya kila siku ugonjwa huu hutiwa kapu moja na maradhi mengine chini ya majina kama kichaa au wazimu, ilhali madaktari wameutenga kwa jina lake tangu Eugen Bleuler wa Uswisi alipolipendekeza mwaka 1908. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu wapatao milioni 24 walikuwa wakiishi nao, yaani takribani mtu 1 kati ya 300. Wanaume wengi huanza kuugua karibu na umri wa miaka 20, wanawake huchelewa kwa miaka mitatu hadi minne, na kundi dogo la wanawake hupatwa kwa mara ya kwanza wanapokaribia kukoma hedhi.

Kwa muda mrefu umri huo wa kuanza kuugua uliwafanya wachunguzi watafute chanzo katika ujana wenyewe, hadi mwaka 1987, ambapo Daniel Weinberger huko Marekani, na Robin Murray pamoja na Shôn Lewis huko Uingereza, walitoa kila upande kwa njia yake hoja kwamba kasoro ya msingi huenda inatokea wakati ubongo unajengwa, pengine kabla ya kuzaliwa, kisha inalala kimya mpaka ubongo wa kijana unapokomaa na kuanza kutumia sehemu zilizokwisha kuathirika. Hoja hiyo ilizaa swali la pili ambalo bado halijajibiwa kikamilifu: ikiwa mbegu hupandwa tumboni, ni kitu gani kinachoipanda? Miongoni mwa watuhumiwa wa mwanzo walikuwa homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusafiri kwa damu kupeleka amri katika viungo vya mbali. Tuhuma hiyo ina mantiki, kwa sababu kijusi hakioni, wala hakisikii habari za dunia kwa njia ya kawaida, na mengi yanayomfika mama, kama vile njaa, hofu, maradhi na msimu wa giza, hukifikia yakiwa yamekwisha kugeuzwa kuwa kemikali zinazopenya au kuzuiwa kwenye kondo la nyuma. Hata hivyo neno homoni limebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, kwa kuwa chini yake yamefichwa maswali kadhaa tofauti ambayo ushahidi wake haulingani hata kidogo, na makala nyingi za kuelimisha umma hupoteza njia hapo hapo, zinapochukua nguvu ya ushahidi wa swali moja na kuiazima kwa jingine.

Homoni za jinsia ndizo zilizotajwa sana na zilizothibitishwa kidogo. Mwaka 1959 Charles Phoenix na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kansas walionyesha kwamba simbilisi wa maabara wa kike waliopewa testosteroni wakiwa bado tumboni walikua na mwenendo wa kujamiiana uliofanana na wa madume, jambo lililofundisha kuwa homoni huweza kupanga ubongo mapema na matokeo yake yakaonekana muda mrefu baadaye. Kwa binadamu, mtoto wa kiume hutoa testosteroni kwa wingi kuanzia karibu wiki ya 8 ya mimba hadi katikati ya mimba, kipindi ambacho ubongo unajengwa kwa kasi. Ukiongeza kwamba wanaume huugua skizofrenia zaidi ya wanawake, kwa uwiano wa karibu 1.4 kwa 1, na kwamba mara nyingi huugua mapema na vibaya zaidi, ni rahisi kuhitimisha kuwa testosteroni ya tumboni ina mkono wake.

Hitimisho hilo lina pengo. Tofauti ya jinsia inaweza kuelezwa vizuri zaidi na homoni za utu uzima, kama alivyopendekeza Heinz Häfner wa Mannheim, Ujerumani, aliyeona kuwa estrojeni, homoni kuu ya kike, huenda inawakinga wanawake wakati wa miaka ya uzazi na kuwaacha wazi inapopungua. Dhana hiyo imekwenda mbali kiasi cha kujaribiwa kama tiba: huko Melbourne, Australia, Jayashri Kulkarni na wenzake walichapisha mwaka 2015 jaribio la wanawake 183 ambamo bandiko la ngozi lenye estrojeni, likiongezwa juu ya dawa za kawaida, lilipunguza dalili zaidi ya bandiko lisilo na dawa. Jaribio hilo linasema jambo kuhusu ubongo wa mtu mzima, lakini halisemi lolote kuhusu miezi tisa ya tumboni.

Ili kuikaribia miezi hiyo, watafiti wengine walijaribu njia ya mkato, nayo ni kupima urefu wa kidole cha shahada ukilinganishwa na cha pete, kwa imani kwamba mtu aliyepata testosteroni nyingi tumboni huwa na kidole cha pete kirefu zaidi. Tafiti kadhaa za wagonjwa wanaume ziliripoti kuwa vidole vyao vinafanana zaidi na vya wanawake, kinyume kabisa na walichotarajia wale walioituhumu testosteroni, huku tafiti nyingine zikishindwa kuona tofauti hiyo au zikaona iliyo kinyume chake. Uhusiano wa vidole na homoni za tumboni wenyewe ni hafifu, tena hutofautiana kwa makabila na kwa mkono unaopimwa, kwa hiyo kuujengea hoja ya ugonjwa wa akili hakutofautiani sana na kukisia kina cha bahari kwa kutazama rangi ya maji.

Jaribio lililofanywa bila kukusudiwa lingeweza kutoa jibu bora. Mwaka 1938 Charles Dodds na wenzake huko London walitengeneza diethilistilbestroli, estrojeni ya maabara iliyokuwa rahisi na isiyo na hatimiliki, na kwa zaidi ya miaka 20 ikapewa wajawazito wengi Marekani na Ulaya kwa matumaini ya kuzuia mimba kuharibika, ingawa jaribio la William Dieckmann huko Chicago lilikwisha kuonyesha mwaka 1953 kuwa haisaidii. Ilipobainika mwaka 1971 kuwa baadhi ya mabinti waliozaliwa na wanawake hao walipata saratani adimu ya uke, madaktari wa Marekani waliagizwa waache kuwapa wajawazito dawa hiyo. Huko Ufaransa wazazi walioona matatizo ya akili kwa watoto wao walijikusanya katika chama na kudai uchunguzi, na madai yao yanastahili heshima, ila orodha ya familia zilizojitokeza zenyewe kwa sababu zina mgonjwa haiwezi kupima hatari, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 na Oussama Kebir na Marie-Odile Krebs hayakupata ushahidi wa kutosha kuihusisha dawa hiyo na skizofrenia. Watoto wengi kiasi hicho, waliopata homoni nyingi kiasi hicho, hawakuacha alama ya wazi katika takwimu za ugonjwa huu, na hilo peke yake ni fundisho.

Kundi la pili ni la homoni za msongo, na hapa ushahidi unavutia zaidi, ingawa umejaa mitego. Mwaka 1978 Matti Huttunen na Pekka Niskanen wa Finland walilinganisha watoto 167 ambao baba zao walikufa kabla hawajazaliwa na wengine 168 waliofiwa na baba katika mwaka wa kwanza wa maisha. Uzuri wa mpango huo ni kuwa makundi yote mawili yalilelewa na mama mjane, bila baba, hivyo kilichotofautisha ni wakati msiba ulipoingia nyumbani, na skizofrenia ilionekana zaidi kwa wale ambao mama zao walifiwa wakiwa wajawazito. Baadaye Jim van Os na Jean-Paul Selten waligundua ongezeko dogo kwa Waholanzi waliokuwa tumboni Ujerumani ilipoivamia nchi yao Mei 1940, na Dolores Malaspina na wenzake, wakifuatilia watoto 88,829 waliozaliwa Jerusalem kati ya 1964 na 1976, waliona kuwa waliokuwa katika mwezi wa pili wa mimba wakati wa vita vya Juni 1967 waliugua zaidi, hasa wanawake. Mwaka 2008 uchunguzi wa Denmark wa watoto milioni 1.38 uliripoti hatari iliyozidi kwa asilimia 67 pale mama alipofiwa na ndugu wa karibu katika miezi mitatu ya kwanza.

Kisha uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2014, nao ukihusisha watoto zaidi ya milioni moja, haukuona madhara yoyote ya msiba uliompata mama wakati wa ujauzito, bali uliona madhara ya misiba iliyompata mtoto mwenyewe baada ya kuzaliwa. Nchi mbili jirani, zenye daftari bora za afya, zilitoa majibu yanayopingana, na mtu anayenukuu moja bila nyingine hatendi haki.

Homoni inayodhaniwa kuwa kiungo katika jambo hili ni kortisoli, inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo mtu anapokabiliwa na shida. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoigeuza kortisoli ya mama kuwa kemikali isiyo na nguvu, kwa hiyo sehemu ndogo tu, karibu asilimia 10 hadi 20, hukifikia kijusi, na majaribio ya panya yanaonyesha kuwa mlo wenye protini kidogo huidhoofisha kinga hiyo. Picha hii ni nzuri, na huenda uzuri wake ndio uliowafanya wengi waikubali kabla haijapimwa. Ilipopimwa kwa binadamu, kwa kutumia damu ya wajawazito iliyohifadhiwa kutoka mradi wa Oakland, California, ulioandikisha mimba kati ya 1959 na 1966, Lauren Ellman na wenzake walichapisha mwaka 2019 kwamba mama za wagonjwa hawakuwa na kortisoli nyingi kuliko mama wengine, na tofauti pekee iliyojitokeza, kwa waliobeba watoto wa kiume, ilielekea upande wa kupungua. Kipimo cha damu cha siku moja hakiwezi kuieleza miezi tisa, ni kweli, lakini tangu hapo si sahihi kuandika kwamba msongo wa mama humwaga kortisoli juu ya ubongo wa mtoto na kuleta skizofrenia kana kwamba ni mnyororo ulioshikana pete kwa pete.

Njaa ina ushahidi imara kuliko msiba. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi mwa Uholanzi, mgao wa siku ukashuka chini ya kalori 1,000, na Ezra Susser na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kuwa watoto waliotungwa mimba katika kilele cha njaa hiyo walipata skizofrenia mara mbili ya wengine. Matokeo hayo yangeweza kubaki kisa cha nchi moja kama si uchunguzi wa David St Clair na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, kuhusu Wuhu katika jimbo la Anhui, China, ambako kiwango cha ugonjwa kilipanda kutoka asilimia 0.84 kwa waliozaliwa mwaka 1959 hadi asilimia 2.15 kwa waliozaliwa mwaka 1960, katikati ya njaa kuu. Mataifa mawili yasiyofanana kwa lugha, chakula wala nasaba yalitoa jibu moja. Lakini njaa huleta mengi kwa pamoja, ikiwemo ukosefu wa foliki na madini ya chuma, baridi na hofu, kwa hiyo ushahidi wake ni wa tukio, si wa homoni, na anayeuhesabu upande wa homoni anajiazima asichokuwa nacho.

Tezi ya shingo inahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi kuliko inavyotazamwa, kwa sababu hapa homoni yenyewe imepimwa, njia yake inajulikana na upungufu wake unazuilika. Tezi hiyo, inayoitwa pia thairoidi, hutengeneza thairoksini kwa kutumia iodini, ambayo Watanzania wengi huiita madini joto. Katika nusu ya kwanza ya mimba kijusi hutegemea karibu kabisa thairoksini ya mama, kwa kuwa tezi yake bado haijaanza kazi ipasavyo, na seli za ubongo zinazozaliwa wakati huo huhitaji homoni hiyo ili zihame na kukaa mahali pake. Mwaka 2016 David Gyllenberg na wenzake, wakitumia damu za wajawazito zilizohifadhiwa na taifa la Finland, walilinganisha wagonjwa 1,010 wa skizofrenia na idadi sawa ya watu wasio wagonjwa: mama wenye thairoksini pungufu walikuwa asilimia 11.8 upande wa wagonjwa na asilimia 8.6 upande wa pili, na hatari ilikadiriwa kuwa mara 1.75 hivi. Ukubwa wa namba hiyo usikuzwe. Ikiwa kwa kawaida mtu 1 kati ya 100 angeugua katika maisha yake yote, basi hata kwa watoto wa mama hao zaidi ya 98 kati ya 100 wasingeugua.

Madhara ya upungufu mkubwa wa iodini yanajulikana vizuri katika nchi za Maziwa Makuu. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu upande wa Kongo, kilikuwa tangu miaka ya 1960 darasa la ulimwengu kuhusu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, na kuhusu watoto waliozaliwa wakiwa wamedumaa akili na mwili kwa kukosa thairoksini. Watafiti wa Ubelgiji, akiwemo François Delange, walionyesha huko kuwa udongo usio na iodini haukuwa peke yake, kwani muhogo usiolowekwa vya kutosha huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi isiipate hata ile iodini kidogo iliyopo. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania rovu lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba katika miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini, kabla ya chumvi yenye madini joto kusimamiwa kwa kanuni katika muongo uliofuata. Wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walidai mwaka 2009 kuwa watoto ambao mama zao walipata vidonge hivyo walisoma shuleni kwa muda mrefu zaidi, wasichana hasa, ila waliorudia hesabu zao baadaye waliona matokeo hayo hayasimami imara. Matokeo kuhusu skizofrenia yenyewe yametoka Finland, kwenye upungufu mdogo, na kuyahamishia milimani ambako upungufu ulikuwa mkubwa kunahitaji hadhari.

Vitamini D huingia katika orodha hii kwa sababu mwili huigeuza kuwa homoni ya aina ya steroidi. Katika nchi za kaskazini watu waliozaliwa mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua huzidi kidogo miongoni mwa wagonjwa, kwa asilimia 5 hadi 8, na John McGrath na Darryl Eyles wa Australia, wakitumia matone ya damu ya kisigino ambayo Denmark huyahifadhi kwa kila mtoto mchanga, waliona mwaka 2010 na tena mwaka 2018 kuwa watoto waliozaliwa na vitamini D kidogo sana waliugua zaidi. Dhana hii imetumiwa pia kueleza viwango vikubwa vya ugonjwa huo miongoni mwa Waafrika waliohamia Ulaya, kwa kuwa ngozi nyeusi hutengeneza vitamini hiyo polepole chini ya jua hafifu. Maelezo hayo yanaweza kuwa na chembe ya ukweli, lakini ubaguzi, upweke na ugumu wa maisha ya ugenini hayawezi kufutwa kwa kipimo cha damu.

Juu ya yote haya zimesimama jeni. Tafiti za mapacha huonyesha kuwa karibu asilimia 80 ya tofauti za watu katika uwezekano wa kuugua hutokana na urithi, na uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2022 ulitaja sehemu 287 za urithi zinazohusika. Wengine huchukulia hilo kuwa mwisho wa mjadala, lakini mwaka 2018 Gianluca Ursini, Weinberger na wenzao waliripoti kuwa jeni za hatari zina uzito mkubwa zaidi kwa watu ambao mama zao walipata matatizo ya ujauzito au ya kujifungua, na kwamba nyingi ya jeni zinazohusika na hilo hufanya kazi katika kondo la nyuma, zaidi kwa mimba za wavulana. Ikiwa hivyo ndivyo, urithi na mazingira si washindani, kwani kondo lenyewe hujengwa kwa jeni za mtoto, na uimara wake huamua ni kiasi gani cha shida ya mama kitamfikia.

Mjadala huu una historia mbaya nyuma yake. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayezalisha skizofrenia kwa ubaridi wake, na kwa miongo miwili au zaidi wazazi wa Marekani na Ulaya waliambiwa hospitalini kuwa wao ndio ugonjwa. Kuhamisha lawama kutoka moyo wa mama kwenda kwenye kortisoli yake si maendeleo makubwa. Mjane wa Finland au mjamzito wa Jerusalem aliyesikia milio ya mizinga hakuchagua hofu yake, na hakuna daktari anayeweza kumwagiza asiogope.

Kuna homoni moja, hata hivyo, ambayo hutolewa na daktari kwa makusudi. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland, New Zealand, walionyesha kuwa sindano ya bethamethasoni, steroidi inayofanana na kortisoli, ikipewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, hukomaza mapafu ya mtoto njiti na kumwokoa. Dawa hiyo na ndugu yake, deksamethasoni, hupita kwenye kondo bila kuzuiwa na kile kimeng'enya, na hivyo ni kipimo safi cha swali la kortisoli kuliko msiba wowote. Uchunguzi wa Finland wa watoto 670,097, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta matatizo ya akili na ya tabia za utotoni kwa asilimia 12.01 ya waliopata steroidi tumboni na asilimia 6.45 ya wengine, na tofauti ikabaki, ingawa ndogo, hata kwa waliozaliwa mimba ikiwa imetimia. Watoto hao hawakuwa wamefikia umri wa skizofrenia, na mama aliyepewa sindano tayari alikuwa na tatizo lililomfanya apewe. Watu 192 waliotokana na jaribio la Auckland, ambamo sindano iligawanywa kwa bahati nasibu, walipopimwa wakiwa na umri wa karibu miaka 31 hawakuonyesha tofauti ya hali ya akili.

Jaribio jingine kubwa la aina hiyo, lililosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, liliandikisha wanawake 2,852 na kuonyesha mwaka 2020 kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya watoto wachanga kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Walionusurika watafikisha miaka 20 karibu na mwaka 2040. Hata wakifuatiliwa wote bila kumpoteza mmoja, na hata kama 1 kati ya 100 ataugua skizofrenia, wagonjwa watakuwa kama ishirini hivi katika makundi yote mawili, idadi isiyotosha kutofautisha madhara ya dawa na bahati tupu, na kwa kadiri ya takwimu zilizopo maisha yaliyookolewa na sindano hiyo yatakuwa yameizidi idadi hiyo.